Kosa la Koili ya Pili

Ninyi mnaokuja nyumbani kwangu na gitaa begani, mkitaka niwafungie "ile koili ya Béa", kaeni kwanza. Viti vipo. Nitawaeleza jambo ambalo wengi wenu hamlijui, halafu mtaamua wenyewe kama bado mnaitaka.

Mimi si fundi wa gitaa. Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa bobinere katika karakana ya mgodi hapa Kolwezi, yaani mtu anayetoa nyaya za shaba zilizoungua ndani ya mota na kufunga nyingine mpya. Mota zangu zilikuwa za pampu, zile zinazotoa maji kwenye mashimo. Shimo likijaa maji kazi inasimama, na hapo wakubwa wote wanalikumbuka jina lako. Nilistaafu mapema kwa sababu ya macho. Muziki sikuujua, na mpaka leo sijui kuimba. Kanisani mke wangu, Mama Adèle, huniomba nifungue mdomo bila kutoa sauti.

Lakini shaba naijua. Na kosa lililowaleta hapa lilitoka kwenye shaba, si kwenye muziki.

Mwalimu wangu aliitwa Tata Mwamba, yaani Baba Mwamba, mtu mfupi aliyetoka upande wa Kisenge, mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vinaweza kushika waya mwembamba. Alikuwa hajasoma sana. Nadharia niliitafuta mwenyewe baadaye, katika kitabu cha Kifaransa kilichopoteza jalada na kurasa za mwisho, kwa hiyo mpaka leo kuna mambo ya umeme ambayo najua yanavyoanza tu. Kila kitu kingine nilikipata kwake. Alinifundisha kuweka ncha ya kijiti kwenye mwili wa mota na ncha nyingine sikioni, nisikie beringi inayoanza kuchoka wiki mbili kabla haijafa. Jaribuni. Kijiti kiwe kikavu.

Alinifundisha pia kitambaa chekundu. Kazi yetu ni kuhesabu mizunguko. Ukipoteza hesabu katikati, unafungua yote na kuanza upya. Sasa mnajua watu wa hapa: mtu hawezi kupita karibu na mwenzake bila bonjour, habari ya nyumbani, mama ameamkaje, na asiyeitika anaonekana ana kiburi au ana msiba. Kwa hiyo Tata Mwamba akianza kuhesabu alitupia kitambaa chekundu begani. Karakana nzima ilijua: ukiona kitambaa, pita kimya. Akikitoa, alizunguka kumpa mkono kila mtu aliyepita wakati ule, mmoja mmoja, bila kumsahau hata mmoja. Aliwahesabu nao.

Mota yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa aibu. Katika mota, koili zilizo jirani hazifungwi upande mmoja. Moja inazunguka kulia, ya jirani yake kushoto, inayofuata kulia tena. Mimi nilizifunga zote kulia. Tulipoiwasha, mota ilinguruma kama mbwa aliyefungwa na haikuzunguka hata kidogo. Tata Mwamba aliizima, akaweka mkono juu yake mbele ya watu wote.

"Pole, mama," aliiambia mota. "Uyu mutoto hakutaka kukuuwa. Eko anajifunza tu."

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kisha kwa mwezi mzima alinifungisha koili nikiwa nimefumba macho: kulia, kushoto, kulia, kushoto. "Kichwa kinasahabu," alisema. "Mukono hausahabu." Alisema kweli. Mkono wangu haukusahau. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililoniponza baada ya miaka ishirini na tisa.

Béa mnamjua kutoka jukwaani. Mimi nilimjua kwanza kama Mwalimu Ngalula Béatrice, aliyefundisha hesabu katika shule moja ya Musonoi. Babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, kama babu za wengi wenu. Alikuwa akipiga gitaa la umeme pamoja na mpiga ngoma mmoja na binamu yake kwenye gitaa la besi, muziki wa roki wa kwake mwenyewe, haufanani na wa baa wala wa kwaya. Albamu yake ya kwanza, *Njia ya Musonoi*, ilipendwa na kila mtu. Ilichezwa kwenye harusi. Hilo ndilo lililomtia hofu.

"Tata, kitu chenye kila mutu anakipenda kiko na shida ndani," aliniambia. "Mi najuwa. Mi iko mwalimu."

Shule ilimpa ruhusa ya mwaka mmoja afanye albamu ya pili. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha na mkuu wa shule alikuwa amemweleza waziwazi kuwa nafasi yake haitangoja tena. Kulikuwa na ukumbi mmoja Lubumbashi ambao ukikuita, wengine wote wanakuita. Ukumbi huo ulimwita mtu baada ya kusikia neno la mchambuzi mmoja wa redio, Tata Donatien, aliyekuwa na kipindi chake Jumapili baada ya misa: anapiga albamu nzima, halafu anasema ukweli wake. Akiisifu, Béa anakuwa mwanamuziki. Akiikataa, Béa anarudi kwenye chaki, na gitaa linabaki ukutani. Hapakuwa na njia ya tatu.

Na katikati ya hayo yote gitaa lilianguka kutoka kwenye taksi-pikipiki, likalala ndani ya dimbwi.

Alikuja nalo kwangu limefungwa ndani ya kitenge.

"Bananiambia weye unafufuaka mota zenye zilikufa."

"Mota, ndiyo," nikamwambia. "Hii haina hata ekseli."

"Lakini iko na shaba ndani."

Hapo alinishinda. Nikalifungua.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna visanduku viwili ambavyo wanamuziki wanaviita mikro. Ndani ya kila kimoja kuna sumaku, na waya wa shaba umezungushwa juu yake maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unatembea ndani ya waya. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Ilikuwa mota isiyozunguka. Nyaya zote mbili zilikuwa zimekatika kwa maji na vumbi.

Tatizo lilikuwa waya. Malori yanapita hapa kutwa nzima yamebeba mabamba ya shaba, lakini tafuteni Kolwezi nzima waya wa shaba mwembamba kama unywele, mtachoka. Shaba yetu inaondoka nene, na ikirudi nyembamba inarudi ndani ya kitu cha mtu mwingine. Nilifungua rilei za zamani, zile swichi ndogo za sumaku, kutoka kwenye mabodi ya umeme yaliyotupwa, nikapata wa kutosha. Anayetaka kufanya kazi hii ajue: waya wa rilei unafunguliwa polepole, kwa mkono uliopakwa poda ya mtoto. Ukivuta kwa haraka unakatika, na huwezi kuuunga ukabaki mwembamba.

Nilitumia cherehani ya Mama Adèle kuzungushia, na kihesabu cha redio ya kaseti iliyokufa. Jumatatu nilifunga koili ya kwanza. Jumanne nikafunga ya pili. Kitambaa chekundu begani, daftari mezani. Kila kitu nilikiandika, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Béa alipolijaribu uani kwangu, kila mikro peke yake ilitoa sauti safi. Kisha akasogeza swichi katikati, mikro zote mbili zikafanya kazi pamoja. Sauti ilibadilika. Ilikuwa nyembamba, yenye uwazi ndani, kama mtu anayeimba huku amebana pua. Na ule mngurumo wa umeme ambao magitaa yote hutoa, ukapotea kabisa. Kimya.

Mimi, mtu wa mota, nilisikia kimya hicho tu. Nikajisifu. Nikasema: Béa, hata kelele nimeiondoa.

Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. "Iko inaimba na pua," alisema.

"Ni mbaya?"

"Sijuwe. Ngoja."

Alipiga karibu saa nzima, swichi katikati. Mama Adèle alitoka jikoni na mwiko, akasimama mlangoni, na maharage yakaungua. Siku hiyo tulikula mkate. Nyimbo nne kati ya tisa za albamu ya pili zilirekodiwa na swichi ikiwa pale pale katikati. Albamu akaiita *Paa la Mabati*.

Neno la kwanza lililoandikwa juu yake lilitoka katika gazeti la Lubumbashi. Nilikata kipande hicho, ninacho bado. Mwandishi alisema kuwa albamu ya kwanza ilikuwa na afya na hii imerudi na mafua. Kwamba gitaa limekonda, kana kwamba mtu amelitoa mifupa.

Kolwezi nayo ikawa na wachambuzi. Kijana mmoja wa taksi-pikipiki aliniambia betri ya redio yake ndiyo mbovu, na atairudia albamu akishanunua mpya. Mama mmoja wa sokoni alitoa hukumu ambayo naiona mpaka leo kuwa bora kuliko zote: "Ile ya kwanza ni ya kucheza. Hii ni ya kupiga pasi. Na mi napigaka pasi mingi kuliko kucheza."

Lakini neno la gazeti lilinikaa. Kutolewa mifupa. Mtu asiye fundi alikuwa amesikia kitu ambacho mimi fundi sikukisikia. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa wa gitaa. Ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wangu safi:

*Koili 1: kulia. Koili 2: kushoto.*

Nilikaa chini.

Gitaa si mota. Koili mbili za gitaa lile, zenye sumaku zinazotazama upande mmoja, zilipaswa kufungwa upande mmoja, zisaidiane. Mimi niliifunga ya pili kinyume, kwa sababu ilikuwa jirani na ile ya kwanza. Kichwa hakikuulizwa. Mkono wa Tata Mwamba uliendelea na kazi yake: kulia, kushoto. Koili hizo zikiwashwa pamoja zinapingana. Zinafuta mngurumo, ndiyo, lakini zinafuta pia sehemu kubwa ya uzi wenyewe. Kile nilichojisifia ndicho kilichokuwa ugonjwa. Na niliandika kosa langu kwa uaminifu kabisa, tarehe na saa, bila kuliona.

Nilipanda pikipiki mpaka Musonoi. Béa alikuwa anafua. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Siku sita zilibaki kabla ya kipindi cha Tata Donatien.

Aliiacha nguo majini. "Tata. Weye? Mwenye daftari?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Sikuona cha kuchekesha. Nilimwambia dawa ni rahisi: kubadilisha nafasi za nyaya mbili za koili ya pili, huu uende pale na ule uje hapa, dakika kumi. Studio ingeweza kurudia nyimbo nne kwa siku mbili, na redio ipelekewe nakala mpya. Mwaka wake wote ulikuwa unategemea hilo, na jina langu pia, kwa maana alikuwa ameliandika kwenye jalada.

"Fanya," alisema. "Nisikiye."

Nililehemu pale pale, juu ya ukuta wa ua. Kisha nilimwonyesha kipimo, na ninyi mkijue: unganisha mita yenye mshale, gusisha bisibisi juu ya mikro moja, angalia mshale unaruka upande gani, fanya hivyo kwa mikro ya pili. Ukiruka upande mmoja mara zote mbili, mikro zinapatana. Uliruka upande mmoja. Béa akapiga wimbo wa tatu wa albamu. Sauti ilikuwa nene, tamu, imejaa. Gitaa la mtu yeyote.

Alimaliza. Akafuta mikono yake kwenye kitenge.

"Iko muzuri," alisema. "Muzuri kabisa. Sasa rudisha ile mubaya."

"Béa, gazeti..."

"Gazeti ilisikia bien, muzuri kabisa. Ile yenye inakuwa mwembamba njo ilinipa nyimbo, Tata. Mi niliziandika juu yake. Ukinenepesha gitare, nyimbo inakuwa ya mwengine."

Basi nikaurudisha ugonjwa, kwa mkono wangu, nikijua. Miaka ishirini na tisa ya kazi, na hiyo ndiyo solda iliyoniuma zaidi.

Jumapili ile tulisikiliza uani kwangu. Tata Donatien alipiga albamu yote bila kusema neno, kisha akakohoa. Alisema nyimbo tatu ni ndefu mno. Alisema mpiga ngoma anapiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Béa aliinama. Halafu akasema kwamba aliposikia wimbo wa tatu mara ya kwanza, alidhani spika zake zimeunganishwa vibaya.

"Nilipiga magoti, mimi na umri wangu," alisema redioni, "nikabadilisha nyaya nyuma ya spika. Bado. Nikazirudisha. Bado. Ndipo nikafahamu kuwa ni gitaa. Nikabaki pale pale sakafuni mpaka mwisho."

Mama Adèle alipiga vigelegele. Béa alimnyamazisha kwa mkono, kwa sababu mtu yule alikuwa hajamaliza.

"Sasa sitoi hukumu," Tata Donatien akaendelea. "Kama sauti hii ni ujanja wa studio, ni ujanja tu. Ukumbi umwite, mimi nitakaa mbele, nisikie gitaa hilo kwa masikio yangu."

Ukumbi ukamwita. Jumapili, saa tisa alasiri.

Nilifika Lubumbashi na sanduku la vifaa, ingawa Béa alisema halihitajiki. Siendi popote bila sanduku. Nilipitia kwanza kwa binti yangu kula, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Wakati wa majaribio sikuwepo. Fundi sauti wa ukumbi alikuwa kijana mwenye diploma, safi, mwangalifu, mtu ambaye ningependa kumfundisha. Béa alipokwenda kubadilisha nguo, kijana alilipima gitaa, bisibisi na mita, sawasawa kama nilivyowaeleza. Mshale ukaruka pande mbili. Akasikitika kwa ajili ya mama huyu wa Kolwezi aliyedanganywa na fundi. Akabadilisha nyaya mbili. Zawadi.

Ukumbi ulijaa. Tata Donatien alikuwa mstari wa mbele, mzee mwembamba mwenye kalamu wazi mkononi. Béa akaanza na wimbo wa tatu, swichi katikati, na sauti nene, tamu, yenye afya ikajaza ukumbi.

Watu walipiga makofi ya heshima. Tata Donatien alifunika kalamu yake.

Béa alisimamisha wimbo. Aliliangalia gitaa kama mama anayeletewa mtoto wa jirani. Kisha akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mutusamehe kidogo. Kwiko mutu ametengeneza gitare yangu."

Ukumbi ukacheka, haukuelewa. Kutoka pembeni sauti ya kijana ikasikika: "Mama, ilikuwa imefungwa mubaya!"

"Najuwa," Béa akajibu. "Tata, uko wapi? Kuja uharibu."

Nilipanda jukwaani na sanduku langu, mbele ya watu ambao sijawahi kuwaona wengi hivyo. Kijana aliniletea umeme, uso umemshuka. Nilimwambia: umefanya kazi sahihi, nitakueleza baadaye. Chuma cha kulehemu kinahitaji dakika tatu kupata moto, na dakika tatu ni ndefu mno jukwaani. Nikatoa mfukoni kitambaa chekundu, nikakiweka begani kwa mazoea. Mtu mmoja katikati ya ukumbi, bila shaka wa karakana yetu, akapaza sauti: "Nyamazeni, eko anahesabu!" Na ukumbi mzima ukanyamaza.

Moshi wa solda ulipanda kwenye taa. Tata Donatien alisimama, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa kutazama mikono yangu.

"Unafanya nini, Tata?" akaniuliza polepole.

"Narudisha kosa," nikamjibu.

"La nani?"

"La kwangu."

Nyaya mbili. Nikapuliza. Béa akapiga nyuzi zote mara moja, na ile sauti ikatoka, nyembamba, wazi, ya puani, bila mngurumo hata kidogo nyuma yake, ukumbi mzima ukisikia kile nilichosikia uani kwangu siku ya kwanza bila kukielewa. Yule mzee alikaa chini. Hakurudi kwenye kiti, alikaa sakafuni pale pale, akafunua kalamu.

Alichoandika wiki ile mmekisoma, ndiyo maana mko hapa na magitaa yenu. Hakufuta neno lake juu ya nyimbo tatu ndefu wala juu ya mpiga ngoma, naye mpiga ngoma hajamsamehe. Barua ya kuacha shule Béa aliiandika mezani kwangu, kwenye karatasi ya daftari langu, na alifanya makosa mawili ya tarehe ambayo nilimrekebishia. Hayo nilirekebisha.

Nitawafungia koili, hakuna shida. Kwa sasa nahitaji kufikiri ili nikosee, na wa kwanza wenu alirudi analalamika kuwa yake nimeifunga sawasawa. Lakini kabla ya kushuka jukwaani siku ile nilifanya kitu kimoja zaidi, na kila mmoja wenu ataondoka na kama hicho ndani ya gitaa lake. Fungueni gitaa la Béa, chini ya kifuniko, mtaona karatasi niliyobandika na gundi ya mota, isiyotoka kwa maji wala kwa moto. Niliiandika kwa mwandiko ule ule safi, kwa ajili ya fundi yeyote mwangalifu atakayekuja baada yangu:

*Usirekebishe. Kosa hili lina mwenyewe.*